Umeuza Simu, Pesa Imeingia kwa Tili: Je, Waranti Umeiandika Wapi?

Ukipita Luthuli Avenue ama Moi Avenue hapa Nairobi, karibu kila duka la simu limebandika vitu viwili kwa kioo: bei, na waranti. "Ex-UK safi, waranti miezi sita." Mteja anageuza simu mara mbili, tatu, halafu anauliza lile swali ambalo kila muuzaji analijua: "Na ikileta shida?" Unamjibu bila kufikiria, "Leta tu, tutakushughulikia." Analipa kwa tili, ujumbe unaingia, anaondoka. Kwa kichwa chako, hiyo biashara imeisha.

Kwa vitabu, bado. Kile ulichomwambia hapo kaunta ni deni. Tofauti yake na deni la kawaida ni kwamba hujui ni mteja yupi atakuja kulidai, hujui atakuja lini, na hujui atakugharimu ngapi. Ukikopa stoku ya 50,000 kwa sapulaya, unajua unadaiwa na nani na kiasi gani. Lakini kutojua vizuri hakufanyi deni lisiwepo. Wahasibu huliita deni la makadirio, na waranti ndiyo mfano wake maarufu kuliko yote.

Wenye biashara wengi wadogo hawaliandiki popote. Simu ikirudi, fundi analipwa kutoka kwa pesa za siku hiyo, na mambo yanaendelea. Inaonekana ni sawa mpaka ufike Januari. Desemba umeuza vizuri, umehesabu faida, umelipa karo, umenunua stoku mpya, umetuma kitu nyumbani. Halafu simu za Krismasi zinaanza kurudi moja moja, wakati mauzo yamelala na kila mtu analia Januari imekuwa ndefu. Unaanza kusema biashara ni mbaya. Lakini Januari haijakosa kitu. Hiyo gharama ni ya Desemba, ila ilikuwa haijaandikwa.

Gharama inafuata mauzo

Huu ndio msingi wa jambo lote, kwa hivyo tukae hapa kidogo. Waranti ilikusaidia kuuza. Bila yale maneno "waranti miezi sita", huenda mteja angeenda duka la pili. Kwa hivyo ukihesabu mapato ya hiyo simu katika mwezi wa Desemba, lazima pia uhesabu katika Desemba kile ambacho ahadi yako itakugharimu, hata kama fundi atalipwa Machi. Ukichukua utamu wa mauzo mwezi huu na kusukuma gharama yake mwezi ujao, faida ya mwezi huu itakuwa ya uongo, na hasara ya mwezi ujao pia itakuwa ya uongo.

Viwango vya kimataifa vya uhasibu, ambavyo Kenya ilianza kuvitumia mwaka wa 1999, vina kanuni yake kuhusu hili. Inaitwa IAS 37, na kwa biashara ndogo na za wastani mambo hayo hayo yako kwenye sehemu ya 21 ya kiwango chao. Kanuni inasema deni kama hili liandikwe vitabuni mambo matatu yakitimia: uwe na wajibu sasa hivi kwa sababu ya kitu kilichokwisha kutokea, iwe kuna uwezekano mkubwa kuliko kutokuwepo kwamba utatoa pesa au mali kuutimiza, na uweze kukadiria kiasi kwa njia ya kuaminika.

Kitu kilichokwisha kutokea ni mauzo. Usichanganye hapo. Watu wengi hudhani wajibu unaanza siku simu inapoharibika. La, unaanza siku ulipoiuza na ahadi juu yake. Ndiyo maana huwezi kuandika leo waranti ya simu ambazo bado ziko kwa kabati. Hizo hujauza, hudaiwi kitu.

Jambo la pili ndilo huleta ubishi. Mtu atasema, "Lakini simu zangu nyingi hazirudi. Uwezekano wa simu moja kurudi ni mdogo sana, sasa kwa nini niandike deni?" Ni kweli kwa simu moja. Simu uliyomuuzia yule dada wa jana pengine haitarudi kamwe. Lakini ukiuza simu 60, uwezekano wa kwamba hakuna hata moja itarudi ni mdogo. Kanuni yenyewe inataka uangalie kundi zima kwa pamoja, siyo simu moja moja. Ni kama mtu wa mayai: hawezi kukuambia ni yai gani litavunjika njiani, lakini anajua kwamba kwa kreti kadhaa kuna yatakayovunjika, na bei yake tayari imehesabu hayo.

Na kama duka lako halina waranti iliyoandikwa? Hapo pia kuna kitu. Kama kila mtu mtaani anajua kwamba kwako simu ikileta shida ndani ya miezi mitatu unatengeneza bure, basi desturi yako imeshakufunga. Wateja wanakuja kwako wakitegemea hilo. Vitabu vyako vinapaswa kufuata unavyofanya, hata kama risiti imekaa kimya.

Tukiwa hapo, wacha niguse yale maandishi ya risiti nyingi za Kenya: "Bidhaa zikishauzwa hazirudishwi." Wengi wanadhani hayo ni kinga kamili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kuna pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mstari mmoja chini ya risiti hauna nguvu ya kufuta hayo yote, kwa hivyo usiutumie kama sababu ya kuandika sifuri.

Hesabu yenyewe

Hebu tuchukue mfano. Duka ni la kubuni, lakini hesabu zake hazitakuwa ngeni kwako.

Unauza simu za ex-UK kwenye duka dogo la eksibishoni. Bei ya wastani ni shilingi 18,000, na wewe unainunua kwa 14,500. Hizi simu hazina waranti ya kampuni iliyozitengeneza, kwa hivyo ahadi ya miezi sita ni yako wewe mwenyewe. Mwaka uliopita uliuza simu 200. Uliandika kwa daftari kila iliyorudi, na zilikuwa 16. Kumi zilikuwa na shida ya betri au mahali pa kuchaji, na kila moja ilikula 1,500. Nne zilikuwa na skrini iliyokataa kuguswa, 5,000 kila moja. Mbili hazikutengenezeka, ikabidi umpe mteja simu nyingine, na baada ya kuuza zile mbovu kwa spea ulipoteza 10,000 kwa kila moja.

Kumi mara 1,500 ni 15,000. Nne mara 5,000 ni 20,000. Mbili mara 10,000 ni 20,000. Jumla 55,000. Gawanya kwa simu 200 ulizouza, unapata shilingi 275 kwa kila simu.

Hiyo 275 ndiyo namba ya kukumbuka. Hakuna simu hata moja itakayokugharimu 275. Nyingi zitakugharimu sifuri, chache 1,500, na moja moja 10,000. Lakini kwa wingi, kila ukiuza simu umejiongezea mzigo wa 275. Faida yako kabla ya matumizi ni 3,500 kwa simu, kwa hivyo karibu asilimia 8 yake imeshapata mwenyewe kabla hujaigusa. Kama hujawahi kuiweka kwa bei, mwenye kuilipa ni wewe.

Sasa, Oktoba umeuza simu 12, Novemba 16, Desemba 32. Jumla ni simu 60, mauzo ya 1,080,000. Toa gharama ya kununua, unabaki na 210,000. Kodi ya duka, kijana wa kukusaidia, stima, usafiri, ada za tili na kodi ya mauzo ya KRA, zote pamoja kwa miezi mitatu ni 135,000. Unabaki na 75,000. Katika hiyo miezi, simu mbili zilirudi na shida ya betri, ukamlipa fundi 3,000.

Ukihesabu kienyeji utasema: 75,000 toa 3,000, faida ni 72,000.

Ukihesabu inavyofaa: simu 60 mara 275 ni 16,500. Hiyo ndiyo gharama ya waranti ya msimu huu. 75,000 toa 16,500, faida ni 58,500. Na kwa kuwa umeshalipa 3,000 kati ya hizo 16,500, deni lililobaki tarehe 31 Desemba ni 13,500.

Tofauti ya 72,000 na 58,500 ni hizo hizo 13,500. Ni karibu moja kwa tano ya faida uliyodhani unayo. Kama uko peke yako, utaumia polepole Januari hadi Juni na pengine usijue kilichokuuma. Kama mko wawili, inaweza kuvunja urafiki. Tuseme mmeweka mtaji nusu kwa nusu, na mwenzako anataka kutoka kwa biashara mwisho wa Desemba. Mnagawana faida ya 72,000, anaondoka na 36,000. Wewe unabaki na duka na wateja 60 wenye karatasi za waranti. Kwa haki angechukua 29,250. Zile 6,750 za ziada ni pesa ya fundi, na atakayemlipa huyo fundi ni wewe. Hakuna aliyeiba. Ni vile hamkuwa na huo mstari mmoja kwa vitabu.

Inavyoandikwa

Kama mna mhasibu, yeye atafanya hivi. Kama ni wewe na daftari, fanya hivi hivi.

Kila mwisho wa mwezi, zidisha simu ulizouza kwa 275. Andika kiasi hicho upande wa debiti kwenye gharama ya waranti, na upande wa krediti kwenye deni la waranti. Kwa miezi yetu mitatu ni 3,300, kisha 4,400, kisha 8,800. Ukijumlisha utaona ni zile 16,500.

Simu ikirudi na umemlipa fundi 1,500, usiiandike tena kama gharama. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Gharama ulishaiandika siku ya mauzo. Sasa unapunguza deni: debiti deni la waranti 1,500, krediti pesa taslimu au tili 1,500. Kama ulitoa betri kutoka kwa stoku yako badala ya kulipa, basi krediti inaenda kwa stoku ya spea. Ukiandika gharama mara mbili, utajionyesha hasara ambayo haipo, halafu utapandisha bei bila sababu.

Kwenye taarifa ya faida na hasara itaonekana gharama ya 16,500. Kwenye mizania, chini ya madeni, itaonekana 13,500. Kwa kuwa waranti yako ni ya miezi sita, hilo ni deni la muda mfupi. Wauzaji wa vifaa vya sola wanaotoa waranti ya miaka miwili wana kazi kidogo zaidi, maana lazima watenganishe sehemu ya ndani ya miezi 12 na ile inayovuka hapo.

Makadirio yakikosea

Yatakosea. Ni makadirio. Swali ni unafanya nini ukigundua.

Turudi kwa duka letu. Kati ya zile simu 60, simu 20 zilitoka kwa sapulaya mmoja na ukaziuza zote Desemba. Kufikia mwisho wa Februari, sita kati ya hizo 20 zimerudi, zote betri. Hiyo si bahati mbaya ya kawaida, hapo kuna mzigo mbaya. Makadirio yako ya kawaida kwa simu 20 yalikuwa 5,500. Umeshatumia 9,000 kwa hizo sita. Fundi akiziangalia anakuambia tarajia kama tatu zaidi, yaani 4,500. Jumla itakuwa 13,500, ambayo inazidi makadirio ya kwanza kwa 8,000.

Kwa hivyo Februari unaongeza: debiti gharama ya waranti 8,000, krediti deni la waranti 8,000. Kama vitabu vya Desemba vimeshafungwa, hurudi nyuma kuvifuta. Ulikadiria kwa kile ulichojua, na sasa unajua zaidi, kwa hivyo badiliko linaingia kwa kipindi ulichojua. Lakini kama vitabu vya Desemba bado viko wazi, hapo ni tofauti. Zile betri zilikuwa mbovu tangu siku ya mauzo, wewe tu ndiye hukuwa umejua, kwa hivyo habari za Februari zinarekebisha hesabu za Desemba.

Angalia deni linavyosimama mwisho wa Februari, tukichukulia hakuna simu nyingine ya kundi hili iliyorudi: 13,500 za Desemba, toa 9,000 ulizolipa, ongeza 8,000, inakuwa 12,500. Simu ulizouza Januari na Februari zina deni lao pia, unaliongeza juu.

Kampuni kubwa pia hupitia haya. Tarehe 5 Julai 2007, Microsoft ilitangaza kwamba inaongeza waranti ya Xbox 360 hadi miaka mitatu kwa mashine zinazoonyesha taa tatu nyekundu, kwa sababu nyingi mno zilikuwa zinakufa kwa shida hiyo. Ilisema gharama itakuwa kati ya dola bilioni 1.05 na bilioni 1.15. Sasa tazama waliiweka wapi: kwenye hesabu za robo mwaka iliyoisha tarehe 30 Juni 2007, yaani kipindi kilichokwisha kupita. Mashine nyingi za kutengenezwa chini ya ahadi hiyo zilikuwa bado ziko sebuleni kwa watu zikifanya kazi. Lakini zilikuwa zimeshauzwa, na kasoro ilikuwa imeshajulikana. Hata wewe na simu zako 20 ni hadithi ile ile, ni sifuri tu zimepungua.

Upande wa pili pia upo. Simu ya mwisho ya Desemba inamaliza waranti mwisho wa Juni. Kama deni la zile simu 60 bado lina 2,000 ambazo hakuna aliyekuja kuzidai, unazirudisha: debiti deni la waranti, krediti gharama ya waranti. Usiziache pale zikae kama akiba ya siri ya kufunikia mwezi mbaya. Na usilipie kodi ya duka kutoka kwa hilo deni kwenye vitabu. Deni la waranti ni la waranti peke yake.

Waranti ya nani?

Kabla hujazidisha kitu chochote, jiulize ahadi ni ya nani. Simu mpya yenye waranti ya kampuni iliyoitengeneza si mzigo wako wote. Mteja anaenda kituo cha huduma cha kampuni hiyo, na deni la kutengeneza liko kwa vitabu vyao. Lakini kama umemwambia mteja wa Kitui "nitumie kwa parcel ya matatu, nitaipeleka mwenyewe", basi usafiri ni ahadi yako, na huo ndio utakaokadiria.

Na kama sapulaya wako wa ex-UK amekuahidi kukurudishia pesa za simu mbovu? Vizuri, lakini deni lako kwa mteja linabaki vile lilivyo. Mteja hamjui huyo sapulaya. Unaandika deni lako lote, halafu pesa za kurudishiwa unaziandika kando kama mali, na ni pale tu unapokuwa na hakika kabisa zitakuja. "Nitakuangalilia boss" si hakika.

Kuna pia waranti ambayo mteja anailipia kando. Siku hizi maduka mengi yanauza nyongeza: lipa 1,200, baada ya ile miezi sita ya bure uongezewe miezi 12. Hiyo ni biashara nyingine kabisa. Umeuza huduma ya siku zijazo, na pesa umeipokea mapema. Usiihesabu kama mapato ya Desemba hata kama ujumbe umeingia Desemba. Kwa miezi sita ya kwanza inakaa upande wa madeni, maana hujatoa huduma yoyote. Ikianza mwezi wa saba, unatambua 100 kila mwezi mpaka iishe. Simu ikirudi ndani ya hiyo miezi, gharama ya fundi inaandikwa mwezi huo huo. Huhitaji tena ile 275 kwa kipindi hicho.

Kuandika si kuweka pesa

Hili linawachanganya watu, kwa hivyo nitalisema wazi. Kuandika 13,500 kwenye daftari hakuweki 13,500 popote. Unaweza kuwa na vitabu safi na tili iko sifuri. Vitabu vinakuambia ukweli kuhusu faida. Kuwa na pesa siku mteja anarudi ni kazi nyingine, na haifanyiki na wino.

Njia rahisi ni kuhamisha. Kila jioni hesabu simu ulizouza, zidisha kwa 275, tuma kiasi hicho kwa akaunti ya akiba kwenye simu, ile ambayo huigusi kwa matumizi ya kila siku. Simu tatu ni 825. Ni kidogo kiasi kwamba hutasikia uchungu, lakini kwa simu 60 ni 16,500. Fundi akilipwa, mlipe kutoka hapo. Utaona pia faida ambayo sikuitarajia nilipoanza kusoma haya mambo: ukiangalia akaunti hiyo, unajua bila daftari kama 275 inatosha. Ikiwa inaisha kila mwezi kabla ya wakati, namba yako ni ndogo.

Upande wa KRA, usitarajie makadirio haya yakupunguzie kodi. Kama uko kwenye kodi ya mauzo, ile ya biashara zenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, unalipa asilimia 3 ya mauzo yote bila kutoa gharama yoyote, iwe ya waranti au ya kitu kingine. Kwa duka letu ni 32,400 kwa ile miezi mitatu, na tayari iko ndani ya zile 135,000. Kama unalipa kodi ya mapato ya kawaida, gharama inayokubalika kwa jumla ni ile iliyotumika kweli, kwa hivyo faida ya vitabu na faida ya kodi zinaweza kutofautiana. Hapo mtafute mhasibu, usikisie.

Anza na daftari

Kila kitu hapa kimetegemea ile orodha ya simu 16 zilizorudi. Kama huna, huwezi kukadiria, utakuwa unabahatisha. Kama ndiyo unaanza, muulize fundi wako ni kasoro gani anaziona sana kwa aina ya simu unazouza na analipisha ngapi, tumia hiyo kwa miezi michache, halafu ibadilishe ukipata zako.

Kwa kila simu andika tarehe, aina, namba za mwisho za IMEI (bonyeza *#06# zitaonekana), na ile kodi ya ujumbe wa malipo. Hiyo kodi ni muhimu kuliko unavyodhani. Risiti ya karatasi hupotea au hufutika wino, lakini malipo ya tili yamebaki kwenye taarifa yako na kwenye simu ya mteja, pamoja na tarehe. Ujumbe peke yake hausemi ni simu gani ulinunuliwa, ndiyo maana IMEI lazima iwe kando yake. Simu ikirudi, ongeza safu tatu: tarehe ya kurudi, shida, na pesa uliyotumia. Andika pia aliyekuuzia, la sivyo mzigo mbaya wa simu 20 utapotea katikati ya 60 na hutauona.

Na siku mteja atakuja na ujumbe unaoonyesha waranti iliisha wiki iliyopita, anakuomba, unamwonea huruma, unamtengenezea bure. Ni sawa, duka ni lako. Lakini iandike kama zile zingine. Ukifika mwisho wa mwaka ukute umewasaidia wengi wa mwezi wa saba, jua kwamba kwa wateja wako waranti yako ni ya miezi saba, haijalishi kioo kinasema nini, na 275 inabidi ihesabiwe upya.